Rosa, Dada Yangu na Barua Moja

Kila mwaka, muhula unapofika katikati, ninafundisha riwaya ya Rosa Mistika, na kila mwaka ninayajua mapema majibu nitakayoyapata. Nusu ya wanafunzi watasema kosa ni la Zakaria: baba mlevi, mkali kupita kiasi, aliyemlea binti yake kwa fimbo badala ya maneno. Nusu nyingine watasema kosa ni la Rosa mwenyewe: wangapi wamelelewa kwa fimbo na hawakuharibika? Wa kwanza wataleta methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wa pili wataleta ile ya asiyesikia la mkuu. Kengele italia, watafunga madaftari yao, na kila upande utaondoka umeridhika.

Mwaka huu kijana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye huketi karibu na dirisha na huzungumza kwa nadra, aliivunja desturi hiyo. Aliinua mkono akauliza: “Mwalimu, wewe unatufundisha kila siku kutafuta nani mwenye kosa. Sasa tuambie wewe. Rosa ana kosa au hana?”

Nilimjibu kwa namna ambayo walimu hujibu tunapotaka kukwepa. Nilisema kazi bora ya fasihi haitoi hukumu, humwachia msomaji. Darasa likaandika sentensi hiyo daftarini, kwa kuwa walidhani itatoka kwenye mtihani. Kijana yule hakuandika. Alinitazama tu, nami nilirudi ofisini nikijua kwamba nimemdanganya. Jibu langu ninalo, na nimekuwa nalo kwa miaka mingi. Ila haliwezi kutolewa bila kusimulia habari ya nyumbani kwetu, na habari ya nyumbani kwetu sijapata kuisimulia hadharani. Leo nitaisimulia, kwa idhini ya mwenyewe, ambaye alinipa sharti moja nitakalolitaja mbele.

Kwa ndugu msomaji ambaye hajaisoma riwaya hiyo, nieleze kwa ufupi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944, na alifariki dunia Januari 2020. Rosa Mistika ndiyo riwaya yake ya kwanza. Ilitoka mwaka 1971, yeye akiwa bado kijana. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa hapo hapo Namagondo. Anapoandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, baba yake anampiga. Anakwenda shule ya sekondari ya wasichana Mwanza akiwa anawaogopa wanaume kama anavyoogopwa nyoka. Kisha hofu inageuka. Rosa anajitupa katika mapenzi bila breki, anatoa mimba, anaendelea na mwenendo huo huo katika chuo cha ualimu Morogoro, na anapoamua kutulia na kumrudia Charles, Charles anamkataa kwa sababu si bikira. Rosa anajiua. Katika kurasa za mwisho mwandishi anawafikisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu.

Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa kipindi fulani kabla ya kuruhusiwa. Walioogopa walisema kitawafundisha wasichana uhuni. Nadhani hawakuwa wajinga. Waliona jambo ambalo sisi tunaokifundisha leo kwa muhtasari na maswali ya chemsha bongo tumelisahau. Fasihi yetu ilikuwa imezoea aina mbili za binti. Wa kwanza ni binti wa kuigwa, yule anayepewa wosia akaushika. Tangu Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, binti huyo amekuwa akikaa kimya akisikiliza. Wa pili ni binti wa kuonya, yule anayeharibika ili wenzake waogope. Rosa alikuja akakataa kuingia katika kundi lolote kati ya hayo. Ametendewa ubaya, naye anatenda ubaya. Unamhurumia ukurasa huu, ukurasa unaofuata unataka kumtikisa mabega. Msichana wa namna hiyo hawezi kuwekwa katika orodha ya maadili ya darasa la uraia. Hata hivyo ndiye msichana ambaye kila mmoja wetu anamfahamu, maana ametoka nyumbani kwetu.

Mimi pia nilizaliwa mwaka 1971. Kwetu ni upande wa Bunda, karibu na Kisorya, mahali ambapo kivuko cha kwenda Ukerewe hutia nanga. Ukisimama ufukweni asubuhi, kabla jua halijawa kali, unakiona kisiwa cha Rosa kana kwamba unaweza kukifikia kwa kuogelea. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango. Hakunywa pombe. Hakuvuta sigara. Sikumbuki kumsikia akipaza sauti. Naliweka hilo wazi sasa, kwa sababu nilipoisoma Rosa Mistika kwa mara ya kwanza, nikiwa kidato cha tatu, katika nakala isiyo na jalada iliyokuwa ikipita chini ya madawati, ulevi wa Zakaria ulinipa mahali pa kujificha. Nilijisemea: hayo ni ya walevi. Kwetu hayakuwa hivyo.

Dada yangu alinitangulia kwa miaka mitano. Alikuwa msichana wa kwanza wa kigango chetu kuchaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na siku alipoondoka na sanduku lake la bati, mama alitembea naye hadi barabarani huku akirudi nyuma nyuma, kama asiyetaka kukipa kisogo kile alichokuwa akikiona. Tangu darasa la nne dada ndiye aliyekuwa akisoma masomo kanisani Jumapili. Alikuwa na sauti nzito kidogo kuliko umri wake. Wazee walisema akisoma yeye hata Waraka kwa Warumi unaeleweka.

Juni ya mwaka 1983 alikuja likizo. Mimi nilikuwa darasa la tano, umri wa miaka kumi na miwili. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akijifunza ufundi wa injini za mashua, mpole, mwenye mikono isiyotakata mafuta hata akioga. Alinikuta natoka kuteka maji, akanipa shilingi moja na bahasha, akaniambia nimpe dada. Nilikubali kwa moyo mweupe. Ningempa. Ila jioni ile ile dada alinishtaki kwa mama kwamba nimekula sukari ya wageni. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeila. Nikachapwa. Na nikiwa bado nafuta machozi nilitoka, nikaenda alipoketi baba chini ya mwembe, nikampa bahasha.

Msomaji, sikuwa mtoto asiyejua anachofanya. Nilijua. Sikujua tu ukubwa wake.

Baba hakumpiga dada. Alingoja tumalize rozari ya jioni, sote tukiwa bado tumepiga magoti, akafungua bahasha, akaisoma barua kwa sauti. Aliisoma kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma masomo, polepole, akituama kwenye vituo. Ndani yake hamkuwa na aibu yoyote. Kijana alimsalimu, alimuuliza hali ya masomo, akasema kwamba anapopita kanisani Jumapili husimama nje dirishani kumsikiliza akisoma, kwa kuwa yeye ni wa dhehebu jingine na angeogopa kuingia. Hayo tu. Baba alipomaliza aliikunja, akaitia katika moto wa jikoni, akasema, “Mungu atusaidie.” Tukaitikia amina. Tangu Jumapili ile dada hakuombwa tena kusoma kanisani. Hakuna aliyetangaza. Alipewa mtu mwingine tu.

Wanafunzi wangu wanaposema ulevi na fimbo ndivyo vilivyomwangusha Rosa, hili ndilo ninalolikumbuka. Zakaria alimpiga binti yake hadi majirani wakasikia. Baba yangu hakumgusa wake. Lakini vyote viwili vilimfundisha msichana jambo moja: kwamba kuna kitu ndani yake, hata akiwa hajafanya lolote, ambacho nyumba nzima inakionea haya. Na mtu aliyekwisha kuaibishwa kabla ya kosa huona kosa lenyewe limekwisha kulipiwa. Ana haki ya kuchukua alichokilipia. Nilipoisoma tena riwaya nikiwa mtu mzima, nikaona kwamba Kezilahabi alilijua hilo. Rosa haanguki kwa sababu ya ujinga. Anaanguka kwa hesabu.

Mwaka 1985, miezi michache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, dada alirudi nyumbani na sanduku lake la bati. Shuleni kwao wasichana walikuwa wakipangwa mstari kila baada ya likizo, matroni akawaminya matumbo mmoja mmoja, na yeye alikutwa na mimba ya miezi minne. Alitolewa mstarini, akaandikiwa barua, akaambiwa afungashe kabla wenzake hawajatoka darasani wasije wakamuaga. Hakuwa na mimba ya fundi wa mashua. Ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mtu mzima mwenye familia yake, ambaye hakuitwa popote wala kuulizwa na yeyote. Fundi wa mashua, kwa taarifa ya msomaji, alioa mwaka uliofuata na akawa baba mwema.

Hapo ndipo mimi, kwa miaka mingi, nilipokuwa nikiisimamisha hadithi hii kila nilipoisimulia kwa marafiki wa karibu. Msichana mwenye akili, baba mwenye dini, kaka msaliti, shule isiyo na huruma, mwanaume asiyewajibishwa. Ilikuwa hadithi nzuri. Iliwatoa watu machozi. Iliniliza hata mimi mwenyewe.

Hadithi hiyo ina kasoro moja. Dada yangu haimo.

Sharti alilonipa nilipomwomba idhini ya kuandika makala haya ni hili, naliandika kama alivyolisema: “Usinifanye mtakatifu. Ukiandika waliyonifanyia, andika na niliyoyafanya.” Basi nayaandika. Mtoto wake alipofikisha miezi mitatu, alimwacha kwa mama akaenda Mwanza. Alimwambia mama anakwenda siku mbili kutafuta vitambaa. Alikaa miaka minne. Hakutuma fedha. Hakutuma hata salamu, ingawa watu wa kwetu walikuwa wakimwona sokoni Kirumba, amependeza. Alichukua akiba ya mama, fedha za mchezo wa kinamama wa kigango, ambazo mama alizilipa kwa kuuza mbuzi wawili. Mtoto aliumwa surua vibaya mwaka wa pili, tukampelekea habari, hakuja. Aliporudi alirudi usiku, na mtoto wake alimkimbia akajificha nyuma ya bibi yake.

Nimewahi kujaribu kumtetea mbele yake mwenyewe. Nilimwambia, “Dada, ulikuwa na miaka ishirini, ulikuwa umeumizwa.” Akanijibu huku akichambua mchele, bila kuniangalia: “Niliumizwa, ndiyo. Lakini aliyepanda basi ni mimi. Baba hakunipandisha. Wewe hukunipandisha. Watu husema kuteleza si kuanguka. Mimi sikuteleza, mdogo wangu. Nilianguka, tena nilijua shimo liko wapi.”

Nilishangaa, kisha nikaelewa. Kila nilipomwondolea kosa, nilikuwa namwondolea pia kitu kingine alichokihitaji zaidi: ile nafasi ya kuwa mtu aliyetenda. Baba alimfanya aibu. Shule ilimfanya mfano wa kuonya. Mimi, kwa mapenzi mema kabisa, nilimfanya mhanga. Wote watatu tulikuwa tumempa jina kabla hajafungua kinywa chake.

Nalileta hili katika siasa zetu, kwa sababu ndipo linapouma hadi leo. Mwaka ule ule wa 1971 ilipotoka Rosa Mistika, nchi yetu ilitunga Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18. Yaani binti wa miaka 15 aliyepokea barua ya mapenzi alikuwa mhuni, lakini binti huyo huyo baba yake akipokea mahari alikuwa mke halali. Ilichukua miaka 45 kwa kifungu hicho kupingwa kikamilifu, pale Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016. Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019, ikiipa serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka huo ulipita bila sheria kurekebishwa.

Shuleni nako, kwa miaka mingi, mwanafunzi mjamzito aliondolewa. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi zilizungumzia makosa dhidi ya maadili, na mimba ikawa inahesabiwa humo. Juni 2017 mkuu wa nchi wa wakati huo alitamka hadharani kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi shuleni. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na sera ya kuwarudisha wasichana hao tangu 1994. Sisi tulifika Novemba 2021, wizara ilipotangaza kwamba waliokatishwa masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaweza kurejea katika mfumo rasmi.

Niliufuatilia mjadala wa miaka ile minne kwa makini, redioni, magazetini na katika kumbi za chuo. Waliopinga wasirudi walikuwa na msichana wao. Alikuwa mhuni, asiyesikia, atakayewaambukiza wenzake tabia. Waliotaka warudi nao walikuwa na msichana wao: aliyebakwa, aliyelaghaiwa, aliyetembea kilomita kumi kwenda shule akakutana na mwenye pikipiki. Huyu wa pili yupo, tena ni wengi, na haki yake haina mjadala. Mimi mwenyewe nilimtumia katika hoja zangu. Lakini nilikuwa nikijua, kila nilipofungua kinywa, kwamba dada yangu si huyo wala yule. Alikuwa na akili. Alijua. Mwanaume yule alimpenda kwa muda, na alipenda kupendwa. Hakubakwa na hakulaghaiwa, ingawa mwanaume mzima anayelala na mwanafunzi ana hatia yake ambayo ridhaa ya msichana haimfutii. Alikosea, basi.

Je, msichana aliyekosea tu ana haki ya kusoma hesabu?

Hilo ndilo swali ambalo pande zote mbili zililikimbia, na kwa kulikimbia tulikubaliana bila kujua. Tulikubaliana kwamba darasa ni zawadi ya usafi. Tulichobishania ni nani tu aliye safi. Wavulana hatujawahi kuwawekea sharti hilo. Mvulana aliyeiba, aliyelewa, aliyempa mtu mimba, tumemwadhibu, tumemchapa viboko na kumrudisha darasani tukisema ujana ni moshi. Katika darasa langu mwenyewe la sekondari walikuwamo wawili waliojulikana kuwa wamezalisha. Mmoja wao leo ni kiongozi wa dini, na anahubiri vizuri. Kosa la mvulana tulilihesabu kama kitu alichokifanya. La msichana tulilihesabu kama kitu alichokuwa.

Ndiyo maana naamini riwaya yenye binti mwenye dosari ni kitabu cha siasa, hata kama hakitaji chama wala bunge. Inamzoeza msomaji jambo gumu: kumjali mtu bila kwanza kumsafisha. Baada ya Kezilahabi wapo wengine walioijaribu kazi hiyo. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alituletea Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba mwenye cheo, akatoroka, akaangukia danguroni na ulevini. Tofauti ni kwamba Maimuna aliachiwa mlango wa kurudi. Rosa hakuachiwa. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba kifo cha Rosa ndicho kilele cha nguvu ya riwaya, kwamba mwandishi alikuwa akiishtaki jamii kwa maiti. Sasa sina hakika tena, na aliyenitikisa si mhakiki.

Mwaka jana nilikwenda kwetu na nakala ya Rosa Mistika, nikampa dada. Ana takriban miaka sitini sasa. Anauza dagaa, ana nyavu za kuanikia pale ufukweni, na macho yake yanahitaji miwani aliyoinunua barabarani. Sikumweleza kitabu kinahusu nini. Alikisoma kwa siku tatu, jioni, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Siku ya tatu alikifunga, akakaa kimya, kisha akasema: “Huyu mwandishi alimuua mapema mno.”

Nikamuuliza ana maana gani.

“Kufa ni rahisi kuandika,” akasema. “Angemwacha aamke kesho yake. Aamke, ateke maji, akutane na watu njiani. Hapo ndipo tungejua Rosa ni nani.”

Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka ishirini na sijasikia uhakiki uliozidi huo. Dada yangu aliamka kesho yake. Aliporudi kutoka Mwanza aliteka maji, akakutana na watu njiani. Alimlipa mama fedha za mbuzi, kidogo kidogo, kwa miaka sita. Mtoto aliyemkimbia usiku ule ilimchukua muda mrefu kumwita mama, na hadi leo, naye ni mtu mzima mwenye watoto wake, huwa anamwita kwa jina anapokasirika. Dada hulipokea hilo bila kujibu. Hajaomba lisahauliwe. Baba alipougua mwaka wa mwisho wa uhai wake, macho yakawa yamekufa, alimwomba dada amsomee masomo ya Jumapili pale kitandani. Hakusema samahani. Dada naye hakuidai. Alisoma. Mimi nilikuwa mlangoni, na niliisikia ile sauti, nzito kidogo, baada ya miaka kumi na mitano.

Siku ile ya kitabu, ufukweni, nilijipa moyo nikamwambia kuhusu barua. Miaka arobaini nilikuwa nimeubeba mzigo huo. Niliandaa maneno. Nilianza na sukari, nikaja kwenye shilingi, nikaja kwenye bahasha. Aliniacha nimalize, kisha akacheka kicheko kifupi.

“Wewe ndiye uliyekuwa nayo,” akasema. “Ulidhani mimi nilidhani iliruka kutoka mfukoni mwako ikaenda kwa baba?”

Alikuwa akijua tangu siku ile, akiwa bado amepiga magoti. Nikamuuliza kama amenisamehe. Aliwatazama dagaa wake kwa muda, akainama kumwondoa jani aliyeangukia wavuni. “Ile ya kwako ni ya kwako,” akasema. “Mimi ninayo yangu ya kutosha. Kila mtu abebe ya kwake, tutembee.”

Sikuyapata maneno niliyoyataka. Lakini njiani kurudi, nikiwa katika basi, nilitambua kwamba amenitendea kile nilichoshindwa kumtendea yeye kwa miaka yote. Hakuniondolea kosa langu. Hakuniita msaliti, wala hakusema nilikuwa mtoto mdogo. Aliniachia kosa langu likiwa zima, na bado akanifungia dagaa wa kwenda nao Dar es Salaam.

Kwa hiyo, kijana wangu wa dirishani, nakujibu swali lako hapa, kwa kuwa darasani niliogopa. Rosa ana kosa. Ana kosa, na Zakaria ana lake, na Charles ana lake ambalo hakuna aliyempima kwalo kama alivyopimwa Rosa. Kosa la mmoja halipunguzi la mwingine hata punje. Na binti mwenye kosa anapaswa kulala nyumbani kwao, kula chakula, kurudi darasani Jumatatu na kufanya mtihani wa hesabu, akiwa na kosa lake. Kama nchi yetu haiwezi kumwekea dawati msichana huyo mpaka kwanza athibitishe kwamba alionewa, basi waraka wa mwaka 2021 ni karatasi tu, na siku yoyote unaweza kuondolewa na wale wanaosubiri binti mmoja akosee mbele ya kamera.

Juma lijalo tutarudi kwenye riwaya hiyo darasani. Nitawapa wanafunzi zoezi jipya, ambalo si langu. Nitawaambia waandike ukurasa mmoja: Rosa ameamka kesho yake, anakwenda kuteka maji. Nakala yangu ya mfano sitakuwa nayo mkononi, maana dada hajairudisha. Nilipompigia simu kumkumbusha aliniambia amemwazima binti wa jirani, wa kidato cha pili, ambaye mama yake amekuwa akilalamika siku hizi kwamba haambiliki.

Nikamuuliza, “Na mama yake anajua amesoma kitabu gani?”

“Atajua,” akasema. “Nimemwambia yeye ndiye anayefuata kukisoma.”